Dakika Nne za Neno Moja

Mlango namba 14, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya karakana ya baiskeli.
Jumapili, tarehe 9 Novemba

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba uipokee kwanza hiyo shikamoo, ukae nayo vizuri, maana huko chini kuna maneno ambayo huenda yakakufanya utake kunirudishia.

Goti linaendeleaje? Na lile jicho lililopasuliwa, limeshaanza kusoma maandishi madogo? Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi ili usimpe binamu akusomee. Yule akisoma barua hutia chumvi yake, halafu mtu unashangaa umeandika nini.

Mimi sijambo. Mafua yalinishika wiki mbili, sasa yameniachia. Nakula, nalala, viatu havivuji. Nimekonda kidogo, ila usianze.

Barua yako ya kurasa mbili niliipata Jumanne. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, mfuko wa viazi mkononi, kisha nikaingia ndani nikaisoma tena nimekaa. Umeniagiza mambo matatu: nikamwombe radhi yule bwana, nirudi kazini, na nizitoe zile kurasa sita kwenye muziki wangu ili kaka yako apumzike. Shangazi, nakuheshimu kuliko mtu yeyote aliye hai. Jibu langu ni hapana, hapana, na hapana. Sasa nipe nafasi nikueleze, kwa sababu ulichoonyeshwa kwenye simu ya binamu ni nusu ya nusu.

Nianze na kazi. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa mnakili na mtunza noti wa okestra ya mji huu. Ofisi yangu ilikuwa chini ya ukumbi, chumba kirefu kisicho na dirisha, rafu mpaka darini, bomba la maji ya moto likipita juu ya kichwa changu na kugonga kila baada ya robo saa. Kila fidla na kila tarumbeta ina karatasi zake. Mimi nazinakili, nazishona, natia alama za penseli laini kuonyesha upinde uvutwe au usukumwe, nazipanga kwenye stendi kabla wapigaji hawajaja, nazikusanya wakiondoka. Ukisikia watu sitini wanapiga pamoja bila kugongana, ujue kuna mtu huko chini mwenye vifutio mfukoni.

Asubuhi kabla ya kazi nilikuwa natunga muziki wangu mwenyewe. Miaka tisa nilipeleka tungo zangu kwa kamati ya okestra, na miaka tisa nilijibiwa kwa barua ya sentensi mbili. Mwaka jana wakaikubali moja. Dakika ishirini na mbili, watu sitini na wawili, jina langu kwenye bango. Ulipiga vigelegele kwenye simu mpaka sikio likaniwasha. Nilikuwa na furaha, Shangazi. Nilinakili karatasi za wapigaji wote kwa mkono, ingawa mashine ipo, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nanakili kilicho changu.

Mwongozaji wa okestra, yule anayesimama mbele na kijiti, wapigaji humwita Bwana Mkubwa asipokuwepo. Cheo chake huku ni kondakta, ila usimchanganye na wa basi, ingawa huyu naye alitaka kunishusha njiani. Siku ya kwanza ya mazoezi alikwenda vizuri hadi ukurasa wa thelathini na moja. Hapo akaweka kijiti chini, akafunua kurasa sita mbele, akarudi nyuma, akaniita ofisini kwake wakati wa chai.

"Hapa hakuna kinachotokea," akaniambia. "Dakika nne nzima viola moja inarudia noti tatu, na okestra yote imekaa inaisikiliza."

"Ndicho kinachotokea hicho," nikamjibu.

Akacheka, wala si kwa ubaya. Ana tabasamu zuri, ndiyo shida yake. Akasema tuzikate kurasa hizo sita, na pale zilipokuwa tuweke ngoma, watu wachangamke. "Wewe si unatoka kwenye ngoma?"

"Natoka kwenye stesheni ya treni," nikasema.

Hakuelewa. Wewe umeelewa. Haya ninayoandika sasa unayajua kuliko mimi, ila vumilia nikuhadithie kama mgeni, ndipo utaona ninavyoyaona.

Baba alitangaza treni miaka ishirini na sita. Kile kibanda cha kioo, na kile kipaza sauti alichokipangusa kwa leso yake kabla ya kila tangazo. Mji mzima ulipanga siku yake kwa sauti ya kaka yako. Watu walioachwa na treni walikuwa wakisema angalau wameachwa kwa adabu. Kisha kiharusi kikamwangusha, na alipozinduka hospitalini maneno yote yalikuwa yamemkimbia isipokuwa moja. "Lakini." Miaka miwili Baba aliishi na neno hilo moja. Aliomba maji kwa "lakini", aligomba kwa "lakini", aliicheka redio kwa "lakini". Mapacha wa binamu walipozaliwa aliwagusa vichwa mmoja mmoja, akawaambia polepole, "Lakini. Lakini."

Ni wewe uliyemwosha. Ni wewe uliyemnyoa kila asubuhi, ukamlisha kijiko kwa kijiko mpaka mkono ukakufa ganzi. Hilo silisahau hata nikizeeka. Ila wageni walipobisha hodi, Shangazi, ni wewe pia uliyesema, "Mpelekeni chumba cha nyuma." Na aliyeshika kiti chake upande wa kulia ni mimi, msichana wa miaka kumi na tisa, mbishi wa kila kitu isipokuwa hilo. Tulimfungia mlango huku anasema neno lake, tukarudi sebuleni tukaongeza sauti ya redio. Najua ulitaka watu wamkumbuke yule wa kwenye kipaza sauti. Mimi namkumbuka huyu wa nyuma ya mlango.

Zile kurasa sita ni yeye. Viola ni kama fidla iliyokua, sauti yake ni nzito kidogo, ya mtu mzima. Inasema noti tatu, la, ki, ni, kila mara kwa namna nyingine: inaomba, inakasirika, inatania, inachoka. Na okestra nzima haiendi popote. Inakaa, inamngoja amalize. Basi. Sikuandika kingine chochote pale, na sikuhitaji.

Bwana Mkubwa alimalizia kwa agizo. Kwa kuwa mnakili ni mimi, kurasa hizo nizigandishe kwa gundi kwa mkono wangu, zisifunuke, kesho yake saa nne asubuhi karatasi ziwe tayari. Nikashuka chini na gundi. Sitajifanya shujaa mbele yako. Nilianza. Nilichukua karatasi za fidla ya kwanza, nikapaka gundi, nikazibana kurasa kwa kiganja zishikane. Nikanyoosha mkono kuchukua za fidla ya pili, mkono ukagoma. Nilikitazama kile kiganja kilichobana karatasi, nikajiona nimeshika kiti upande wa kulia.

Nikabandua. Karatasi ikachanika vibaya, ikabidi niandike upya kurasa zote sita. Wafagiaji walipokuja waliniuliza kama nimehamia.

Alhamisi saa nne watu sitini na wawili walikaa mbele ya stendi tupu. Mimi nilisimama pembeni. Bwana Mkubwa akainua kijiti, akakishusha.

"Noti ziko wapi?"

"Ziko chini. Nimezifungia."

"Zilete."

"Zitapanda zikiwa nzima. Zikikatwa hazipandi."

Mpiga tarumbeta mmoja akashikwa na kikohozi cha ghafla. Wengine walikuwa wanakagua viatu vyao.

"Unajua kwamba wewe ni mfanyakazi wa hapa?"

"Kwa noti za watu wengine, ndiyo," nikasema. "Hizi ni zangu."

Meneja akaitwa. Akanisemesha kwa upole, kama mtu anayembembeleza paka ashuke juu ya kabati. Nikamwambia lile lile. Hawakubishana nami sana, Shangazi. Waliuondoa tu muziki wangu kwenye programu, wakaweka kipande cha zamani ambacho wamekipiga mpaka viti vinakijua. Na unadhani nani alishuka kuzileta noti zake? Mimi. Kazi ni kazi. Nilizipanga stendi zote sawasawa, bila kukosea hata moja, kisha nikaenda chooni nikalia mpaka kwikwi. Ijumaa saa tisa nikapewa barua ya kuachishwa. Kwenye sababu wameandika "kukosa ushirikiano." Nimeibandika ukutani jikoni, naisoma nikisubiri chai ichemke.

Gazeti nalo likapata la kuandika, na hicho ndicho alichokuonyesha binamu, akakuongezea siri niliyompa yeye, kwamba kurasa hizo ni za Baba. Kichwa cha habari kilisema mnakili amegoma. Mtunzi hawakumtaja.

Kwa wiki tatu baada ya hapo sikuwa mtu wa kujivunia. Nilivaa gauni lile lile. Nilikula mkate mkavu nikiwa nimeegemea sinki. Niliandika barua ya kuomba radhi, ndiyo, usishangae, hata kabla hujaniagiza. Niliiandika mara mbili. Kila nikifika kwenye neno "nilikosea" kalamu ilikuwa inaniuliza, wapi? Nikazichana zote.

Ndipo siku moja mchana kengele ikalia. Nafungua, namkuta mkuu wa viola. Wapigaji wanamwita Bibi Upinde, mwanamke wa miaka sitini na kitu asiyependa watu wala mbwa. Alikuwa amepanda ghorofa tatu na ala yake mgongoni, anahema kama mashine ya kusaga. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameniambia maneno mawili tu: "Penseli" na "Asante." Akaingia, akavuta kiti cha jikoni, akafungua mkoba wake.

"Nipe zile kurasa sita," akasema.

Akazipiga pale pale, kati ya jokofu na kapu la nguo chafu. Alipomaliza hakusifu. Akaniuliza noti hizo tatu ni nini hasa, nikamsimulia habari za Baba. Akataka kulisikia neno lenyewe. Nikalisema. Akalirudia vibaya, nikamsahihisha, akalirudia tena huku akipiga kidole mezani. Kisha akanikazia macho.

"Umelikosea," akasema. "Ukilisema kwa mdomo, uzito uko katikati. Kwenye karatasi umeuweka mwanzo."

Nilikasirika, Shangazi! Mtu aliyelijua neno hilo kwa dakika tano ananifundisha neno la baba yangu? Nikalisema tena kwa sauti, ili nimuumbue. Lakini. Alikuwa sahihi. Miaka kumi na saba ugenini, nilikuwa nimeanza kumsikia Baba kwa lafudhi ya huku. Nikacheka mpaka nikakaa chini sakafuni, naye akatoa penseli yake mwenyewe, tukaanza kurekebisha, noti moja moja, kurasa zote sita.

Kumbe hakuwa peke yake. Mpiga tarumbeta wa kikohozi alikuwa nyuma ya mpango wa kuupiga muziki wangu nje ya okestra, na mpiga ngoma, na fidla nane. Wakazidi kuongezeka. Meneja aliwaonya kwamba okestra haitafurahishwa. Bibi Upinde akamjibu kwamba Jumapili yake ni yake, na akitaka kuitumia kukata kucha au kupiga viola, hayamhusu mtu.

Tukapiga Jumapili moja ya mwezi uliopita, saa kumi alasiri, katika ukumbi wa mazoezi wa shule ya jirani. Vyuma vya mpira wa kikapu juu yetu, harufu ya raba na jasho. Watu sitini na wawili wangehitajika, wakaja thelathini na mmoja, nusu kamili. Nilipunguza, nikaunganisha, nikamwomba mmoja afanye kazi ya wawili. Mwongozaji nilikuwa mimi, kwa penseli, kwa kuwa sikuwa na kijiti. Siijui ile kazi, nakwambia kweli. Ukurasa wa kumi na mbili nilipotea kabisa, mikono ikaendelea kupunga kama ya mtu anayefukuza nzi. Bibi Upinde akaongoza kwa kidevu mpaka nikajikuta.

Tukafika ukurasa wa thelathini na moja. Nikashusha mikono. Viola ikaanza.

Dakika ya kwanza ilikuwa ngumu. Viti vililia. Bwana mmoja wa safu ya nyuma alisimama, akatikisa kichwa, akatoka zake na mlango ukagonga. Mgongo wangu ulikuwa umewaelekea watu, na kila kikohozi nilikisikia kama jiwe. Dakika ya pili, mzee wa safu ya mbele akamwuliza mkewe kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri:

"Wamepotea?"

Na mkewe, bila kunong'ona, akamjibu: "Nyamaza. Kuna mtu anaongea."

Shangazi, hakuna aliyewaeleza wale watu chochote. Sikuandika habari za Baba kwenye karatasi ya programu, sikuandika kiharusi, sikuandika neno. Yule mama alisikia mwenyewe. Baada ya hapo ukumbi haukukohoa tena. Dakika mbili zilizobaki walimngoja wote, wapigaji na wasikilizaji, na Baba akasema yote aliyotaka kusema mpaka akamaliza. Sikulia. Nilikuwa na kazi ya kuhesabu.

Makofi yalikuwepo, si haba, ingawa wengine walipiga kwa heshima tu, naujua mlio wake. Gazeti lile lile liliandika kwamba muziki wangu una ukaidi. Nimelibandika nalo jikoni.

Sasa nikujibu. Kazi sijarudishwa, na sitaiomba. Nafundisha kinanda watu wazima: fundi baiskeli wa hapa chini, nesi mstaafu, na dereva mmoja mwenye vidole kama ndizi ambaye anajifunza kwa siri ya mkewe. Siku nne kwa juma. Asubuhi natunga. Nina nafasi ndogo na dirisha kubwa, kinyume cha kule nilikotoka. Usimwambie mtu kwamba nateseka, kwa sababu siteseki.

Bwana Mkubwa aliniletea salamu kupitia kwa meneja. Nikimwandikia mistari miwili ya kujuta, muziki wangu utapigwa msimu ujao, na kurasa sita zitabaki. Unaona? Sasa zimekuwa nzuri. Nimemjibu kwamba karatasi zipo, safi, zimeshonwa, aje azichukue wakati wowote. Mistari ya kujuta sina.

Lipo lile uliloandika mwisho, kwamba nimemvua nguo kaka yako mbele ya wageni. Neno hilo liliniuma mahali pabaya. Nimelizungusha kichwani siku tano. Hapana, Shangazi. Sikumvua. Nilimleta sebuleni. Walikuwepo watu mia moja na zaidi, na hakuna aliyemcheka, na hakuna aliyemwonea haya. Mimi na wewe tuliogopa bure miaka ile miwili. Nakuambia kwa mapenzi, na nitakuambia hivyo hivyo uso kwa uso nikija: safari ile tulikosea, wewe kwa kuagiza na mimi kwa kutii. Kutii kwangu kuliishia kwenye ile gundi.

Ukikasirika, niandikie ukiwa na hasira hiyo hiyo, usiingoje ipoe. Sitaki barua ya adabu. Nitaisoma nikiwa nimekaa, na sitaificha.

Habari ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike leo badala ya kesho. Kuna mama mmoja hapa mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, mashine mbili na binti yake. Alikuwepo siku ile kwenye ukumbi wa shule. Ameuchapisha muziki wote kuwa kitabu, kurasa sita zikiwemo, uzito wa neno ukiwa mahali pake. Aliniuliza kama kuna ninayetaka kumtunukia. Nikaandika majina yote matatu ya Baba, kama yalivyo kwenye cheti chake cha kazi, na chini yake: "Mtangazaji wa treni. Aliongea mpaka siku ya mwisho." Usinitafutie namna ya kuyaondoa, Shangazi. Nakala mia tatu zimeshatoka mtamboni tangu juzi, na ya kwanza kabisa iko njiani inakuja kwako.

Nisalimie Mama Mdogo na umwambie dawa ya kikohozi nimeipata. Nisalimie binamu, hata kama ni mmbeya. Mapacha wabusu kwa niaba yangu, najua wamekuwa warefu na hawapendi, wabusu hivyo hivyo. Jirani yako mshonaji naye mpe salamu, gauni lake bado nalivaa.

Mungu akulinde hilo goti, akutie nuru machoni, akupe umri mrefu wa kunigombeza.

Ni mimi nikupendaye bila kukuogopa,

Binti wa kaka yako